Homa ya Jumanne na Alhamisi

Chuo kikuu nilisoma miaka mitano, na katika miaka hiyo hakuna aliyenifundisha kutazama saa. Nilifundishwa jinsi mashine mbili zinavyosalimiana kwenye mtandao, jinsi zinavyokubaliana siri bila wa tatu kusikia, hata jinsi ya kupima muda mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Lakini kufika mahali saa moja pale watu waliposema saa moja, somo hilo halikuwepo. Au lilikuwepo, ila liliwekwa asubuhi mno.

Siku ninazozikumbuka nilikuwa nakaa Nsungwi, Lilongwe, na kila Jumanne na Alhamisi nilikwenda kambini Dzaleka kutunza kompyuta za shirika dogo lililotusaidia sisi wakimbizi na karatasi zetu. Kompyuta zenyewe zilikuwa moja. Nyingine, seva, ilikaa Lilongwe chini ya meza ya mkurugenzi, na ile ya kambini iliifikia kwa mawimbi, kupitia antena tuliyoifunga juu ya bati kwa waya wa kuanikia nguo.

Ndani ya seva kulikuwa na folda moja tuliyoiita kabati. Watu walileta vyeti vya kuzaliwa, diploma, picha za harusi, barua za machifu, na sekretari alivipitisha kwenye skana na kuvihifadhi humo. Haikuwa anasa. Nyumba za Dzaleka ni za matofali ya udongo, na mchwa wa kule hawabagui: wanakula diploma ya daktari na kadi ya mgao kwa hamu ileile.

Kabati nililifunga mimi. Kila kilichosafiri kati ya kambi na Lilongwe kiligeuzwa kwanza kuwa takataka isiyosomeka, na kabla folda haijafunguka kompyuta ilipaswa kuiomba seva kibali cha saa chache. Humo kulikuwa pia na maelezo ya watu kuhusu waliowakimbia, na baadhi ya waliokimbiwa walikuwa na ndugu humo humo kambini. Au tuliamini hivyo. Kambini kuamini na kujua ni kitu kimoja. Nikaongeza kanuni kwamba folda ifunguke kwenye kompyuta moja tu, ile ya Dzaleka, na hata mkurugenzi kule Lilongwe, mwenye seva miguuni pake, asiweze kuisoma. Niliandika kanuni hiyo kurasa mbili, nikaisoma mkutanoni, watu wakapiga makofi. Tangu hapo sijapigiwa makofi mengi.

Halafu kabati likaanza kuugua.

Kitu kikiharibika moja kwa moja, fundi anashukuru. Hili letu halikuharibika. Lilifunguka leo, kesho likakataa, kesho kutwa likafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi lilitoa cheti cha ubatizo cha mzee fulani, na mchana likamwambia mkewe kwamba ruhusa imekataliwa. Nilibadilisha waya. Nilipanda juu ya bati na kugeuza antena, nikaulaumu upepo wa wilaya ile ya Dowa. Juma lililofuata niliwalaumu mbuzi. Nilimwandikia mkurugenzi taarifa ya kurasa sita yenye maneno "sababu zinazoingiliana", maneno ambayo mtu huyatumia akiwa hana hata sababu moja. Na kila mara nilifanya kile ambacho mafundi wote hufanya mlango ukishafungwa: nilizima, nikawasha.

"Papa Injinia," aliniambia sekretari siku moja, "umefunga kabati mpaka sisi benyewe tumebaki inje."

Tulimwita Mama Sekretere. Alitoka Bukavu kama mimi, alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya shule ya sekondari kule, na alipiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Jumapili aliongoza kwaya, siku nyingine alituongoza sisi. Mimi alinichukulia kama mdogo wake ambaye vitabu vimemwangusha. Mezani pake kulikuwa na kaye, daftari kubwa la mistari ambamo kila aliyeingia aliandikwa jina, siku na alichotaka. Aliyekipata aliwekewa alama ya vema. Aliyekosa aliandikiwa neno moja: arudi.

Katika miezi miwili ile ya ugonjwa kulikuwa na jambo moja tu la kunifariji: nilikuwa nimeacha kuchelewa gari. Gari la shirika lilirudi Lilongwe saa kumi kamili jioni, na dereva wake, Mmalawi mpole katika mambo yote mengine, hakumsubiri mtu. Zamani nililikosa gari hilo karibu kila juma. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikimalizia hadithi, na vumbi tayari limefika barabara kuu. Hapo Mama Sekretere alinipeleka nyumbani kwake, akaongeza maji kwenye sombe, kisamvu cha kwetu, akawabana watoto wake kwenye mkeka mmoja ili nipate pa kulala. Sasa hayo yalikuwa yamekwisha. Nilitupia jicho saa ya kompyuta, nikafunga begi, nikafika kwenye gari kabla dereva hajawasha. Nilimwambia mke wangu kwamba mtu anaweza kubadilika hata baada ya miaka arobaini. Mke wangu alisema tutaona.

Mambo yalikuwa hivyo Jumatatu ile mama mmoja alipoingia ofisini akitafuta diploma yake. Nilihadithiwa baadaye, maana Jumatatu sikuwapo. Alikuwa muuguzi kutoka upande wa Fizi, kwetu Kongo, amefanya kazi hospitalini miaka kumi na mmoja, kisha kambini miaka minne akishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi. Zahanati moja ya misheni mjini Lilongwe ilikuwa inatafuta muuguzi anayejua Kiswahili na Kifaransa, kwa sababu ya wagonjwa wa kwetu. Alitakiwa kufika Ijumaa saa mbili asubuhi na diploma mkononi. Msimamizi alikuwa amemwambia kwenye simu, kwa adabu, kwamba bila diploma asijisumbue kupanda gari.

Diploma yenyewe mchwa walikuwa wameila chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki. Walibakiza mfuko. Nakala yake ilikuwa kabatini.

Na Jumatatu ile kabati lilifunguka mara moja. Diploma ikaonekana kwenye skrini, yeye na Mama Sekretere wakaitazama pamoja, na printa ikaishiwa wino.

Jumanne nilifika na wino. Niliununua sokoni Tsoka kwa kijana anayejaza upya makopo ya wino kwa bomba la sindano, nikapanda minibasi, kisha kabaza, nikiwa nyuma ya baiskeli nimelishika begi kifuani kama mtu anayepeleka dawa. Muuguzi alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi. Alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na kwenye blauzi alibandika ile saa ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini.

"Basi, mama," nikamwambia, "leo unaondoka na diploma yako."

"Mungu akusikie, papa."

Nikasalimia watu, nikanywa chai, nikaweka wino, nikagusa folda. Ruhusa imekataliwa. Nikazima, nikawasha. Ruhusa imekataliwa. Nikapanda juu ya bati, na kutoka juu nikamwona muuguzi amesimama uani akinitazama kama anavyotazamwa ndugu wa mgonjwa anayefanya vurugu wodini. Saa ya gari ilipofika nikamwambia nitarudi Alhamisi na waya mpya. Mama Sekretere akaandika kwenye kaye lake: arudi.

Jumatano umeme ulikatika alfajiri na haukurudi mpaka jua lilipozama.

Alhamisi ndiyo ikawa siku ya mwisho. Dereva alikuwa amekubali kumpeleka muuguzi Lilongwe kwa gari la saa kumi. Angelala kwa dada yake, mtaa wa Chinsapo, na kuamkia zahanati. Alikuja na mfuko wake wa safari na bahasha kubwa ya kaki, tupu, ya kutilia diploma. Akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili, siku nzima.

Sitasimulia yote niliyoyafanya siku ile. Nilibadilisha waya. Nilizima na kuwasha mara nyingi kuliko ninavyotaka watoto wangu wajue. Saa nane nilimpigia mkurugenzi kwa simu ya Mama Sekretere kumwomba aifungue folda kwenye seva yenyewe, akanikumbusha kwa upole kwamba kuna kanuni inayomzuia, akauliza kama ninakumbuka nani aliiandika. Saa tisa nikaketi sakafuni chini ya meza, si kwa sababu kulikuwa na kitu huko, bali kwa sababu huko sikuiona ile bahasha.

Ni muuguzi aliyenitoa.

"Papa, toka kwanza uko chini. Huyu mugonjwa wako, homa yake inamushika kila siku?"

"Hapana, mama. Inakuja na kuondoka. Ndiyo shida yenyewe."

"Homa ya kurudia-rudia haupimake siku moja. Unapima asubuhi, mangaribi, siku mugonjwa iko muzuri na siku iko mubaya. Unaandika. Kisha njo unasoma karatasi. We uliandika wapi?"

Nikamwambia nimeandika taarifa ya kurasa sita.

"Mu hizo kurasa mulikuwa siku?"

Hazikuwamo. Mlikuwa na sababu zinazoingiliana.

"Mama Sekretere," akasema, "leta kaye."

Akalifungua magotini, juu ya bahasha, na kushuka na kidole. Ukurasa baada ya ukurasa alisoma kwa sauti ile ile, bila haraka, kama mtu anayepokea zamu. Jumatatu, vema, vema, vema. Jumanne, vema asubuhi, kisha arudi, arudi. Jumatano vema. Alhamisi vema moja, kisha arudi mpaka chini. Ijumaa vema. Juma lililotangulia hivyo hivyo. Lililotangulia hilo, hivyo hivyo. Juma moja tu halikuwa na "arudi" hata moja. Akauliza juma lile lilikuwaje, na Mama Sekretere akasema lile ndilo juma ambalo Papa Injinia alikuwa na malaria, hakukuja.

Muuguzi akafunga kaye.

"Jumanne na Alhamisi," akasema. "Asubuhi mugonjwa iko muzima. Muganga akifika, anaanguka."

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja mlangoni akacheka mpaka akakohoa. "Basi dawa iko rahisi! Turudishe Injinia Lilongwe, masini ipone!"

Nilijitetea. Nilisema mimi sibebi kitu ila begi na wino, na mtu hawezi kuambukiza kompyuta kwa kuingia chumbani. Hata nilitaja chuo kikuu. Muuguzi hakubishana. Alitaka kujua tu kama muda wa gari umekaribia, akainua ile saa kifuani.

"Tuko na nusu saa," akasema. "Saa tisa na nusu."

"Robo saa," nikamsahihisha, maana pembeni mwa skrini ilikuwa saa kumi kasoro robo. "Saa yako iko nyuma, mama."

"Papa, hii saa nilihesabia batu mapigo ya moyo miaka kumi na moya. Haiko nyuma. Masini yako njo iko mbele."

Nikamgeukia Mama Sekretere aamue. Alikuwa anakunja pembe ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja tena. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kuona vidole vile kumi vikikosa kazi.

"Ni mi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mi nasukumaka saa. Robo saa. Ukifika, ukienda kusalimia batu na kunywa chai, mi nasukuma. Ukisha kwenda na gari, narudisha." Akaanza kuongea haraka. "We unatazamaka saa ya masini tu, simu yako unazima. Nikajua ukiona saa kumi imekaribia utatoka. Na unatoka! Kanisani tunafanyaka vile vile, saa ya ukuta iko mbele, bila ile kwaya haianze. Si kwa ubaya, papa. Bibi yako anabaki Nsungwi na batoto, hajue kama umelala wapi. Na pale kwangu, unajua mwenyewe, tuko tisa."

Mzee wa mlangoni sasa alinitazama kwa huruma, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Mimi nilikuwa tayari nimeelewa, na ninajua siku moja mtu ataniuliza kwa nini ilinichukua miezi miwili. Kibali kinachoombwa na kompyuta hupigwa muhuri wa saa. Seva hulinganisha saa ile na yake, na tofauti ikizidi dakika tano hukataa bila maelezo, kwa sababu mwizi aliyeiba kibali cha zamani naye huja na saa isiyolingana. Ni kama barua ya utambulisho yenye tarehe ya kesho. Hakuna mlinzi atakayekufungulia. Folda iliyofunguliwa asubuhi, kabla sijafika, iliendelea kwa kibali cha asubuhi. Nilipozima na kuwasha niliinyang'anya hata hicho. Kompyuta ingeweza kujirekebisha saa yenyewe kwa kuiuliza seva, lakini huduma hiyo niliizima mimi mwaka wa kwanza, ili kubana matumizi ya mtandao, na niliieleza kwenye taarifa nyingine kama ubunifu.

Na ule utu wangu mpya, ule niliojivunia mbele ya mke wangu, ulikuwa kidole cha Mama Sekretere.

Nilirudisha saa nyuma kwa dakika kumi na tano. Nikagusa folda. Ikafunguka bila kelele, kama mlango wa jirani.

Printa ilivuta karatasi. Wino wa Tsoka uliipa diploma rangi ya zambarau kidogo, lakini muhuri ulisomeka, saini zilisomeka, na pembeni kulikuwa na picha ndogo ya msichana aliyetazama mbele kwa ukali, kama wanavyotazama waliohitimu juzi. Muuguzi aliishika karatasi kwa ncha za vidole ili isichafuke. Nilidhani atasoma alama zake. Alitazama picha tu.

"Huyu mutoto," akasema, "hakujua kitu."

Kisha akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akasimama na kumshika Mama Sekretere mabega yote mawili, maana yule alikuwa analia. "Acha, mama. We ulifanya kazi ya mama. Dozi tu njo ilizidi."

Nje dereva akapiga honi, akamwita kwa Kichewa twende. "Amayi, tiyeni!" Muuguzi akatoka karibu kukimbia, mfuko mkono mmoja, bahasha mwingine. Mimi nilitaka kwanza kuiwasha ile huduma ya kurekebisha saa, na kumweleza yule mzee wa mlangoni habari za muhuri na mwizi, kwa kuwa alionekana anavutiwa. Nilitazama pembeni mwa skrini: kulikuwa bado na dakika kadhaa. Kwa miezi miwili dakika kadhaa kwenye skrini ile zilimaanisha muda mwingi sana. Nilipotoka na begi langu, vumbi lilikuwa limefika barabara kuu.

Mama Sekretere alinitazama. Alifunga ofisi, tukaenda kwake, akaongeza maji kwenye sombe.

Ijumaa asubuhi tulikuwa wawili ofisini, sote tukijifanya tuna kazi. Saa nne simu yake ikalia: muuguzi. Alisikiliza amesimama. "Wamekubali karatasi," akaniambia huku akiziba simu kwa mkono. "Wameuliza kwa nini iko zambarau, akasema ni ya zamani. Anaanza Jumatatu." Akakaa, akafungua kaye, akarudi nyuma mpaka mstari wa Jumanne, na pembeni ya neno "arudi" akaweka vema. Akafanya vivyo hivyo kwa Alhamisi. Kisha akajaribu kitu kwenye kompyuta, akageuka.

"Saa umeifunga?"

"Nimeifunga. Sasa inafuata seva."

"Hata mi siwezi?"

"Hata wewe, mama."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Sasa nani atakuambia ya kwenda?"

Majuma mawili baadaye dereva alileta kifurushi kutoka mjini, kimefungwa kwa gazeti na uzi wa cherehani. Ndani kulikuwa na saa ndogo ya kengele, nyekundu, ya bei ya Tsoka, na kipande cha karatasi ya zahanati ambacho juu yake muuguzi alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa shule: *Mgonjwa: Papa Injinia. Mara mbili kwa juma, Jumanne na Alhamisi, saa kumi kasoro robo. Asiache dawa hata akijisikia amepona.*

Mama Sekretere aliiweka juu ya kabati la kweli, lile la chuma la ofisini, ikitazama kiti changu. Akaizungusha vishale kwa uangalifu, mgongo wake ukiwa umenielekea, akachukua muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Alipoondoka mbele yake niliilinganisha na saa ya kompyuta: ilikuwa mbele kwa robo saa.

Mara hii niliona. Nikaiacha ilivyo.